Je, Wajua? Lenzi Pana: Bei Yake, Utamu Wake, Mitego Yake

Safu ya leo ni ya wale wanaopiga picha kwa mapenzi, si kwa mshahara: mwalimu anayetoka na kamera Jumamosi, nesi anayewahi machweo ufukweni akitoka zamu, mhasibu ambaye nyumbani wameshaanza kumuuliza akiba imekwenda wapi. Kaa nao kidogo, hutachelewa kusikia habari ya lenzi pana. Ni shilingi ngapi? Ninunue ipi? Itanipa nini ambacho hii niliyo nayo hainipi? Haya, twende.

Je, wajua kwamba huenda unayo moja mfukoni tayari? Kamera kuu ya simu nyingi za leo huona kiasi kilekile ambacho lenzi ya 24mm au 26mm ingeona kwenye kamera kubwa, na hiyo ni pana bila ubishi. Kisha ikaja kamera ya pili, pana zaidi. LG waliiweka kwenye simu ya G5 mwaka 2016, na Apple wakafuata mwaka 2019 na iPhone 11, yenye upana wa nyuzi 120, sawa na lenzi ya 13mm. Miaka ya 1970 Nikon walikuwa na lenzi ya 13mm pia, ila hiyo ilitengenezwa kwa oda maalumu tu. Kasoro ya kamera ya pili ya simu ni kwamba sensa yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kamera kuu, ndiyo maana jua likishatua tu picha zake huanza kuwa na chengachenga. Lakini mchana? Itumie mwezi mzima kabla hujaenda dukani. Utajua kama upana unakufaa au unakusisimua tu.

Je, wajua kwamba kadiri lenzi inavyozidi kuwa pana, ndivyo kila milimita inavyozidi kuwa na uzito? Kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa ya 36mm kwa 24mm, lenzi ya 50mm huona nyuzi 47 ukipima kona kwa kona. Ya 35mm huona 63. Ya 24mm, 84. Ya 14mm, 114. Kutoka 24 hadi 14 ni milimita 10 tu, lakini zimeleta nyuzi 30. Ziongeze milimita 10 hizohizo kwenye lenzi ya 200mm uone kama kuna atakayegundua. Kwa hiyo usishangae mtu akilipa pesa nyingi zaidi ili ashuke kutoka 12mm hadi 10mm.

Je, wajua kwamba lenzi pana inaweza kupoteza upana wake siku ileile unapoifunga kwenye kamera yako? Kamera nyingi ambazo mpenzi wa picha huanzia zina sensa ndogo kuliko fremu kamili. Kwa Canon za aina hiyo, zidisha milimita za lenzi kwa 1.6, kwa Nikon, Sony na Fujifilm, zidisha kwa 1.5. Ile lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera ndani ya boksi, kwenye Canon, huanza kuona kama 29mm. Si mbaya, lakini si pana ya kumfanya mtu aseme "loo!"

Mtego huu huwanasa zaidi wanunuzi wa mtumba. Chukua Mir-1, lenzi ya Kisovieti ya 37mm iliyochongwa kwenye ukingo wake maneno ya kujivunia tuzo ya maonyesho ya Brussels ya 1958. Ni nzuri, ya chuma, haigharimu sana, na kwa adapta huingia kwenye kamera nyingi za leo. Enzi za filamu ilihesabiwa kuwa pana. Kwenye Canon yenye sensa ndogo inakuwa 59mm: imeshavuka lenzi ya kawaida na kuelekea lenzi ya sura za watu. Muuzaji atakuambia ni "wide" na hatakuwa amesema uongo. Ilikuwa.

Je, wajua kwamba usanifu wa nyumba za Waswahili unaielekeza kamera yako itumie lenzi gani? Vyumba vya nyumba za mawe za kale kule Lamu ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali: mita 2.5 hadi 3 hivi. Umeegemea ukuta mmoja unataka kupiga ukuta wa zidaka ulio mbele yako, umbali wa mita 2.5. Ukiwa na 18mm kwenye Canon ya sensa ndogo utapata ukuta wenye urefu wa mita 3.1. Ukiwa na 10mm utapata mita 5.6. Huwezi kurudi nyuma, nyuma ni mawe na chokaa. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vina kanuni hiyohiyo: mlango wa nakshi upo hapa, ukuta wa jirani upo pale, wewe umebanwa katikati na pikipiki inapiga honi. Hapo lenzi pana ni chombo cha kazi, na mwenye kuishi Lamu au Unguja ana sababu ya kuinunua kuliko mwenye kuishi nyanda za Serengeti.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, iweke kichwani: umbali, mara upana wa sensa, gawanya kwa milimita za lenzi. Upana wa sensa ni 36mm kwa fremu kamili na 22.3mm kwa Canon ndogo. Kabla hujanunua chochote, pima sebule yako kwa hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba lenzi pana ndiyo lenzi mbaya kuliko zote ya kupigia mlima? Wengi huinunua kwa ajili ya mandhari, na wa kwanza kukata tamaa ni hao. Ukisimama Amboseli, kilele cha Kibo kiko umbali wa kama kilomita 48. Kwa lenzi ya 14mm, Kilimanjaro yote, kutoka nyikani hadi kwenye barafu, inachukua chini ya asilimia 6 ya kimo cha picha. Kinachobaki ni mbingu na nyasi. Zile picha maarufu za tembo wakipita chini ya mlima uliojaa fremu hupigwa kwa lenzi ndefu: kwa 200mm mlima huohuo huchukua zaidi ya asilimia 80. Mlima haujasogea. Lenzi ndiyo iliyochagua kipande gani cha dunia kikujazie picha.

Utamu wa lenzi pana uko kwingine, na kwa maoni ya safu hii ndiyo sababu pekee ya maana ya kuitolea pesa: inakuruhusu usogee karibu kabisa na kitu huku ukiacha nafasi ya kila kilicho nyuma yake. Fika Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kisiwani Lamu. Fundi amechuchumaa ubavuni mwa chombo, anakalafati, anaipigilia pamba kwenye mwanya wa mbao. Mtu wa lenzi ndefu atasimama mbali apate uso wake na ubao mmoja. Mwenye 24mm kwenye fremu kamili atapiga magoti sentimita 60 kutoka kwenye ile nyundo, aweke f/16, na atapata vidole vilivyopakaa mafuta, pamba ikining'inia, ubavu wa chombo ukiondoka kuelekea omo, watoto wanaochungulia, na mikoko huko nyuma, vyote vikisomeka. Ila lazima uwe umeshaongea na fundi. Kwa sentimita 60 hakuna kujificha. Umeingia kazini kwake, msalimie kwanza.

Je, wajua kwamba si lenzi inayokuza pua ya mtu, ni umbali? Ncha ya pua iko kama sentimita 12 mbele ya masikio. Ukimpiga mtu kutoka sentimita 30, masikio yako mbali kwa karibu nusu zaidi ya pua, hivyo huonekana madogo na pua hutawala. Ukirudi mita mbili, tofauti hiyo karibu inatoweka. Lenzi pana inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayotushawishi tusogee. Selfi za mkono mfupi zina ugonjwa huohuo.

Na kwenye harusi kuna balaa jingine. Je, wajua kwamba shangazi aliyesimama mwisho wa mstari ananenepeshwa na hesabu tupu? Lenzi pana ikitaka kuinyoosha mistari, lazima ivute vitu vilivyo pembeni. Kwa 35mm, kichwa kilicho ukingoni kabisa hutanuka kwa upana mara 1.12 hivi, hakuna atakayelalamika. Kwa 24mm ni mara 1.25. Kwa 16mm ni mara 1.5, na hapo simu itaita kabla hujamaliza kutuma picha. Familia ikiwa kubwa na ukumbi mdogo, wapange watu kwa safu mbili au tatu za nusu duara, wembamba wakae pembeni, na uache hewa ya kutosha kulia na kushoto utakayoikata baadaye. Bi harusi asikae ukingoni kamwe, hata akisisitiza.

Je, wajua kwamba majengo huinama kwa sababu wewe umeinua kamera? Simama Forodhani, Zanzibar, uitazame Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 (picha zilizopigwa kabla ya sehemu yake kuporomoka Desemba 2020 zimekuwa hazina, zihifadhi kama unazo). Ukielekeza lenzi pana juu ili jengo lote liingie, nguzo zote huegemeana. Wataalamu wana lenzi maalumu zinazotelezesha vioo kwenda juu huku kamera ikibaki sawa. Nikon walianza kuziuza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Canon walitoa ya 17mm mwaka 2009 kwa zaidi ya dola 2,000. Wewe fanya hivi: ishike kamera sawasawa bila kuiinamisha, rudi nyuma kuelekea baharini, kisha ukifika nyumbani kata ile nusu ya chini yenye lami. Bure.

Sasa tuje kwenye pesa.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi kilichopandisha bei ya lenzi pana ni kioo ambacho hakimo ndani ya lenzi? Kamera za DSLR, na zile za filamu kabla yake, zina kioo kinachoakisi mwanga na kuupeleka kwenye jicho lako, na kioo hicho kinahitaji nafasi ya kuruka juu kila unapobonyeza. Kwa hiyo kwenye Canon za EF, kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa kuna milimita 44. Kwenye Nikon za F, 46.5. Lenzi ya kawaida ya 20mm, ikijengwa kwa mtindo rahisi, ingetaka kukaa milimita 20 hivi kutoka kwenye filamu. Kioo kingeigonga.

Mfaransa Pierre Angénieux alilitatua jambo hilo mwaka 1950 kwa lenzi ya 35mm iliyojengwa kama lenzi ndefu iliyogeuzwa: mbele vioo vinavyotawanya mwanga, nyuma vioo vinavyoukusanya. Njia hiyo ndiyo iliyotumika nusu karne na zaidi. Inafanya kazi, lakini inadai vioo vingi, kioo cha mbele kikubwa, uzito, na kila kioo kinaleta makosa yake ambayo kioo kingine kinaletwa kuyarekebisha. Unapolipia lenzi pana ya DSLR unalipia msururu huo wote.

Kuna na sheria ya mwanga isiyojali una pesa kiasi gani. Katika lenzi pana ya mtindo rahisi, mwanga unaofika pembeni kwa pembe ya nyuzi 45 hubaki robo tu ya ule wa katikati. Ndiyo maana kona huingia giza, na sehemu kubwa ya bei ya lenzi ghali ni vita vya kuziokoa kona nne. Jiulize mara ngapi umeziangalia kona za picha zako.

Kamera za kisasa zisizo na kioo zimeubadilisha mchezo. Umbali wa Canon RF ni milimita 20, Sony E 18, Nikon Z 16. Canon walipotoa zumu yao ya 11-24mm kwa DSLR mwaka 2015, ilikuwa na uzito wa gramu 1,180 na bei ya dola 2,999. Mwaka 2023 wakatoa ya 10-20mm kwa kamera zisizo na kioo: pana zaidi, gramu 570, dola 2,299. Bado ni bei ya kumtisha mtu, lakini angalau shingo imepona.

Na chini kabisa ya ngazi kuna habari njema zaidi. Je, wajua kwamba mwaka 2014 Canon walitoa zumu ya 10-18mm kwa kamera za sensa ndogo kwa dola 299 tu, ilhali ile ya 10-22mm waliyokuwa nayo tangu 2004 iligharimu zaidi ya mara mbili ya hapo? Walibana wapi? Sehemu ya kufungia ni ya plastiki badala ya chuma, na tundu lake ni dogo, f/4.5 hadi f/5.6. Lakini ina kizuia mtikisiko, ina gramu 240 tu, na kwa mtu anayepiga mchana, vyumba, vichochoro na ufuo, hakuna anachokosa cha kumnyima usingizi. Ukiniuliza lenzi pana ya kwanza kwa mwenye Canon ya kawaida ni ipi, jibu ni hiyo, tena ya mtumba.

Nikon walijibu mwaka 2017 kwa 10-20mm ya karibu dola 310. Tahadhari moja hapo: ni ya aina ya AF-P, na kamera za zamani kama D90 au D3100 hazitaiendesha. Itaingia vizuri, itakaa vizuri, na haitafokasi. Beba kamera yako dukani, usinunue kwa picha ya mtandaoni.

Mwaka 2021 Canon wakatoa ya 16mm f/2.8 kwa fremu kamili, nayo dola 299, gramu 165. Siri yake ni kompyuta: ukilifungua faili ghafi bila marekebisho utaona mistari imepinda kwa nje waziwazi, kisha kamera au programu inainyoosha. Wako wanaoliita jambo hilo udanganyifu. Mimi naliona biashara halali, kwa sababu aliyekataa udanganyifu huo alikuwa anatozwa maelfu.

Bei zote hizi ni za Marekani siku lenzi zilipotoka. Zidisha kwa kiwango cha dola cha leo, ongeza usafiri na ushuru, ndipo uanze kulalamika.

Je, wajua kwamba kile kipete cha kuskrubu mbele ya lenzi, kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana na kuandikwa 0.45x, kweli kinaongeza upana? Kinaongeza. Kinaongeza pia ukungu wa pembeni na rangi zilizotengana kwenye kila ukingo wa paa. Kula chakula chako.

Turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana huko kuna vituko.

Je, wajua kwamba mwaka 1859 Mwingereza Thomas Sutton alitengeneza lenzi pana iliyojazwa maji? Ilikuwa tufe la kioo lenye maji ndani, iliona nyuzi 120, na picha ilibidi ipigwe kwenye bamba lililopinda.

Je, wajua kwamba lenzi ya Hypergon ya kampuni ya Goerz ya Ujerumani, ya mwaka 1900, iliendeshwa kwa pumzi? Ilikuwa na vioo viwili tu vilivyopinda sana, vikitazamana karibu vifanye tufe, na iliona nyuzi zipatazo 140. Giza la pembeni lilikuwa kubwa mno, basi mbele yake wakaweka kinyota cha chuma kinachozunguka. Mpiga picha anabinya mpira, hewa inakizungusha kinyota, kinauzuia mwanga wa katikati kwa sehemu kubwa ya muda ili kona zipate kushiba. Kisha kinaondolewa, katikati nako kunapata haki yake. Leo kazi hiyo hufanywa na programu kabla hujapepesa jicho.

Je, wajua kwamba lenzi ya jicho la samaki ilianzia kwenye ndoo? Mwanafizikia wa Marekani Robert W. Wood, mwaka 1906, alitaka kujua samaki anaionaje dunia iliyo juu ya maji. Akaweka bamba la picha ndani ya chombo kilichojaa maji, chenye tundu dogo, na dunia ikaingia yote kwa umbo la duara. Miaka ya 1920 Robin Hill wa Uingereza akatengeneza ya kioo kwa ajili ya kupiga mawingu, mbingu nzima kwa picha moja.

Upeo wa wazimu ulifikiwa na Nikon: lenzi ya 6mm f/2.8 ya miaka ya 1970, kilo 5.2, inayoona nyuzi 220. Yaani inaona vilivyo nyuma yake. Mpiga picha asipoangalia, vidole vyake mwenyewe vimo pichani. Mwaka 2012 moja iliwekwa sokoni London kwa pauni 100,000. Ukiipata ya mtumba Kariakoo, usiseme kitu, lipa uondoke.

Je, wajua kwamba picha za Apollo 11 za mwezini, Julai 1969, zikiwemo zile maarufu za Buzz Aldrin amesimama, zilipigwa kwa lenzi pana kiasi? Ilikuwa Zeiss Biogon ya 60mm kwenye Hasselblad ya filamu kubwa, ambako 60mm ni pana ya wastani. Neil Armstrong aliifunga kamera kifuani mwa vazi lake.

Na kwamba filamu ya Citizen Kane ya 1941 ililazimika kuwekewa dari? Mpiga picha wake, Gregg Toland, alipiga kwa lenzi pana kutoka chini, na studio za wakati huo hazikuwa na dari, zilikuwa na taa. Wakatandaza kitambaa juu, maikrofoni zikafichwa nyuma yake. Miaka michache baadaye mpiga picha Bill Brandt, London, alijinunulia kamera kuukuu ya Kodak yenye lenzi pana, ya aina ambayo polisi waliitumia kupigia mahali pa uhalifu, akaigeuza kuwa chombo cha sanaa. Mtumba tena, ukitazama vizuri.

Je, wajua kwamba lenzi pana inakusamehe usipofokasi vizuri? Kwenye fremu kamili, weka 24mm, f/8, fokasi mita 2.4: kila kitu kutoka mita 1.2 hadi upeo wa macho kitakuwa safi kwa macho ya kawaida. Kwa 50mm, f/8 hiyohiyo, itakubidi ufokasi zaidi ya mita 10. Wapiga picha wa mitaani wanaipenda 28mm kwa sababu hii.

Inakusamehe na usiku. Nyota zinatembea, kwa kuwa dunia inazunguka, na ukiacha shata wazi muda mrefu zinakuwa mistari. Kanuni ya zamani inasema gawanya 500 kwa milimita za lenzi (ukishazidisha ule 1.5 au 1.6): 50mm inakupa sekunde 10, 24mm sekunde 20, 14mm sekunde 35. Kamera za leo zenye pikseli nyingi zinataka upunguze kidogo. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati: kitovu cha Njia Nyeupe, kile kipande chenye nyota nyingi kuliko vyote, hupita karibu na utosi wetu jioni za Julai na Agosti. Huko Ulaya ya kaskazini wanakisubiri kichungulie kidogo tu juu ya upeo. Tafuta mahali pasipo na taa, stendi imara, na usiku usio na mbalamwezi.

Harakaharaka sasa. Je, wajua kwamba ukilibana tundu hadi f/16, jua hutoa miale kulingana na vibamba vya tundu: vikiwa 7 miale ni 14, vikiwa 8 miale ni 8? Kwamba filta ya kupunguza mng'ao hulitia anga doa la buluu iliyokoza katikati, kwa sababu 16mm huona nyuzi 97 za upana na anga haliwezi kuwa na mng'ao sawa eneo lote hilo? Kwamba lenzi nyingi pana kupindukia zina kioo cha mbele kilichotuna, hakuna pa kuskrubu filta, na ukitaka filta utanunua kishikio na vioo vikubwa vya mraba vyenye bei ya lenzi nyingine? Kwamba saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni, kivuli chako kimo ndani ya picha?

Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar: je, wajua kwamba adui mkubwa wa lenzi ya mtumba kwetu ni fangasi? Unyevu wa pwani unaikuza ndani ya vioo, na tayari huenda lenzi imekaa kabatini kwa mwenyewe miaka. Usiiangalie kwa taa ya duka. Ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu hadi mwisho, washa tochi ya simu uimulike kwa nyuma kwa upande, wewe ukitazama kutoka mbele. Vumbi utaliona, hilo halina neno. Ukiona nyuzinyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, irudishe mezani na ushukuru. Kisha piga ukuta wa matofali au vigae ukiwa sambamba nao, na ukuze kona zote nne kwenye skrini: kona moja ikiwa na ukungu na tatu safi, huenda lenzi hiyo iliwahi kuanguka. Ukishanunua, iweke kwenye boksi lisiloingiza hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, ila uitoe mara kwa mara. Lenzi inayotumika haioti fangasi kirahisi.

Je, wajua kwamba upana unaweza kuupata bila lenzi yoyote mpya? Simamisha kamera wima, piga picha tano au sita ukigeuka taratibu, kila moja ikiingia theluthi moja ndani ya jirani yake, ukiwa umefunga mwanga na fokasi visibadilike. Programu ya Hugin, isiyolipiwa, itaziunga. Kwa mandhari iliyotulia matokeo yana pikseli nyingi kuliko ya lenzi ya dola 2,999. Kwa mawimbi na watoto wanaokimbia, sahau. Utapata mtoto mwenye miguu mitatu.

Na la mwisho. Je, wajua kwamba picha zako za zamani zinakumbuka zilipigwa kwa milimita ngapi? Kwa kawaida faili huwa na taarifa hiyo ndani yake. Kompyuta itakuonyesha ukifungua sifa za picha. Pitia zile za mwaka jana ulizozipenda. Kama nyingi zimepigwa kwa 18mm, mwisho wa zumu yako ulipogota, nunua ile 10-18mm ya mtumba bila woga. Kama nyingi ziko kwenye 35 na 55, pesa hiyo kalipie nauli.